Majivu Hayanuki Uyoga

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeliacha jiwe liungue mpaka likawa jeusi, kisha akaliamuru lizae tunda tamu. Namshukuru kwa macho yangu, ambayo bado yanaona upande wa chini wa jani, na kwa magoti ambayo bado yanakubali kupanda ngazi, ingawa yananung'unika. Amenipa pia subira. Upofu hakunipa. Kwa hiyo mkinisoma mkaona nawacheka watu, jueni kwamba ni watu niliowaona.

Nawaandikia ninyi vijana wa Goma mlioanza kupanda mizabibu nyumbani. Naambiwa siku hizi ni jambo la kujivunia. Mtu anavunja lava ya uani kwa mtaimbo, anajaza shimo udongo wa magunia, anachomeka kijiti chake, anakipiga picha, halafu anakaa kwenye kiti akisubiri zabibu. Jani la kwanza likibadilika rangi anakimbilia simu. Simu inamwonyesha mzabibu wa nchi ya theluji, naye anaupa mti wake matibabu ya baridi ambayo mji huu haujawahi kuiona. Mti ukifa anasema ardhi ya Goma haifai. Ardhi ya Goma ina mambo mengi ya kujibu mbele ya Mungu, lakini hilo halimo.

Kazi yangu ilikuwa kutunza mizabibu ya watu. Nimetunza ya masista, nimetunza ya wafanyabiashara wa kando ya ziwa, na zaidi ya yote nimetunza ya mtaa wa Mapendo, ambako parseli, yaani viwanja vya nyumba, ni nyembamba na mzabibu unapanda juu kwa sababu hauna pengine pa kwenda. Sasa nimestaafu, nakaa upande wa Lac Vert, na mzabibu wangu una afya kunishinda.

Aliyenifundisha ni Muzee Paluku, Mnande wa Butembo, Mkatoliki wa rozari mfukoni. Mimi ni Mwislamu, ukoo wetu ulitoka Maniema na biashara ya vitambaa. Watu walidhani tungegombana juu ya dini. Hatukupata nafasi, kwa sababu tulikuwa na watu wengi wa kuwadharau pamoja.

Somo lake la kwanza lilikuwa hili. Alichuma jani lililofunikwa na vumbi jeupe akaniuliza nini hicho. Nilikuwa mtoto wa Goma, nilijibu bila kufikiri.

"Iko majivu, muzee. Volkano ilitema juzi."

"Weka mu meno, uiume."

Niliweka.

"Inalia kama muchanga?"

"Hailii."

"Sasa nusa."

Nilinusa. Lilinuka uyoga, uyoga uliosahauliwa ndani ya kapu.

"Tangu lini volkano inapika uyoga?" akasema, akageuka kuendelea na kazi yake.

Shikeni hapo, kwa sababu ndipo Goma nzima inapoanguka. Majivu ya mlima yanaanguka kila mahali: juu ya bati, juu ya nguo zilizoanikwa, juu ya kichwa cha mbuzi. Yanakaa upande wa juu wa jani tu, ni mazito, yanakwaruza kidole, na upepo ukija yanaondoka. Ule unga mweupe wa ugonjwa, ambao wataalamu wanauita ubwiri unga, ni laini kama poda ya mtoto mchanga. Unakaa juu na chini ya jani, unapanda mpaka kwenye kikonyo na kwenye tunda lenyewe, na ukiufuta unaacha alama ya kahawia kama ngozi iliyoungua. Nguo zako zikiwa safi kwenye kamba na mzabibu peke yake ukiwa mweupe, usimsingizie mlima. Mlima hauchagui. Ugonjwa ndio unaochagua.

Hata moshi wa mlima uko vilevile. Ukishuka na mvua unaunguza kingo za majani, lakini unaunguza ya maharage, ya maua na ya jirani siku hiyohiyo. Asiyetazama maharage ya jirani kabla ya kununua dawa ya mzabibu anastahili kuibiwa na wauza dawa, nao hawamkosi.

Nilimtaja jirani, sasa niwataje sisimizi. Kuna mdudu mweupe, anafanana na kipande kidogo cha pamba, anajificha kwenye magome na kwenye vifundo vya matawi, ananyonya maji ya mti na kutoa utamu nyuma yake. Sisimizi wanaupenda utamu huo mpaka wanamlinda mdudu kama mchungaji anavyolinda mbuzi, wanamhamisha kutoka tawi hadi tawi. Mwenye mzabibu anawaona sisimizi, anawapiga dawa sisimizi, anajisifu. Kesho wamerudi. Muzee Paluku alifunga kitambaa kuzunguka shina, akapaka grisi ya gereji juu ya kitambaa, siyo juu ya gome, maana gome nalo linapumua. Sisimizi wakakwama chini. Wale weupe wakabaki bila walinzi, akawafuta kwa mswaki wa zamani na maji ya sabuni. Nilipowaonyesha watu jambo hilo, mmoja alipaka grisi shina zima mpaka matawini kama anayepaka ekseli ya kamyo. Sisimizi hawakupita, kweli. Na mzabibu nao haukuupita mwaka huo.

Mwingine, mtu mwenye nyumba nzuri, alinisikia nikisema kwamba maziwa yaliyochanganywa na maji mengi, yakinyunyizwa asubuhi, yanapunguza ubwiri unga unapoanza. Ni kweli, yanapunguza. Yeye alichukua maziwa ya unga, akaona ladha yake ni hafifu, akatia sukari. Aliniita aniulize mbona nyuki, nyigu, nzi na sisimizi wamefanya mkutano uani kwake. Nilimwambia, "Papa, umewaandalia chai, umebakiza mkate tu." Hakucheka. Watu wenye nyumba nzuri wanacheka polepole.

Na wale wa mifuko. Ndege na popo wanakula zabibu kabla yako, hilo halina ubishi, wao hawasubiri mwaliko. Basi mtu anavisha kila kichala mfuko mweusi wa plastiki na kuukaza kwa kamba. Jua linapika, jasho linabaki ndani, na siku ya kufungua anakuta uji. Vishada vinavikwa kitu kinachopitisha hewa: kipande cha chandarua kilichochakaa, au karatasi iliyo wazi kwa chini. Tunda ni kiumbe, si mzigo wa magendo.

Nimefika kwenye chandarua, na chandarua kinanipeleka kwa Mama Masika.

Mama Masika ni fundi cherehani wa Mapendo. Nyumba yao ilikuwa ya mbao na bati, ndani kuna giza na joto, kwa hiyo alishona nje, chini ya kichanja cha mzabibu kilichofunika uani pote. Huo mzabibu ndio uliokuwa dari la kazi yake. Mchana majani yalizuia jua, na mwanga uliopita katikati ulimtosha kuona uzi. Wasichana waliokuja kujifunza kushona walikaa kwenye benchi humohumo. Bila mzabibu, hana mahali pa kuweka mashine, na Mapendo hakuna mtu anayekugawia uwanja.

Mume wake, Papa Kambale, alikuwa dereva wa kamyo, mtu wa njia ya Bunagana, mzuri wa moyo na mbishi kama breki iliyokwama. Msimu mmoja wa kiangazi mzabibu wao ukawa mweupe. Mama Masika alitaka kuniita. Papa Kambale akasema kwamba hakuna haja ya kuita mtu kwa ajili ya majivu. Akaamuru maji. Kila jioni alipokuwa nyumbani alipanda juu ya meza akayaosha majani kama anavyoosha kioo cha kamyo yake, na alipokuwa safarini wasichana wa kushona walipewa kazi hiyo, na bidoni za maji zikabebwa kutoka mbali na watu wenye mambo mengine ya kufanya.

Majani yakalala na maji usiku baada ya usiku. Unga mweupe ukapungua kidogo, nikiri haki yake. Lakini jani linalolala limelowa linafungulia mlango ugonjwa wa pili, ule wa madoa ya manjano kama tone la mafuta, na chini ya kila doa ukungu kama manyoya ya kifaranga. Sasa magonjwa yalikuwa mawili. Ndipo akaenda kwa mwuza dawa mmoja wa sokoni aliyejiita Docta, sijui docta wa nini, na Docta akampa dawa ya kupe wa ng'ombe. Nilipoitwa mwishowe, majani yalikuwa na unga, na madoa, na kingo zilizoungua, na harufu ya zizi.

Papa Kambale alikuwa akikagua tairi mlangoni, safari ilikuwa asubuhi ile. Nilichuma jani nikampa.

"Nusa, papa."

"Ninuse nini? Iko majivu. Mi nilizaliwa chini ya volkano, muzee. Utanifundisha majivu?"

"Mutoto aliyezaliwa hospitali hawi muganga."

Mama Masika alicheka. Hilo halikusaidia.

"Sikia," akasema, na sasa alimwambia mke wake huku akinitazama mimi. "Hii muti imesha kufa. Na mie niko na shida ya mahali pa kuweka makala za kupikia ninazoleta. Nikirudi, nikikuta iko namna hii, nakata, najenga depo ya makala hapa. Nikikuta imepona, sawa, nitanyamaza."

"Na mashine yangu nitaiweka wapi?" Mama Masika akauliza.

"Utashona ndani."

"Ndani umeshawahi kuona tundu la sindano, wewe?"

Aliwasha kamyo. Ndivyo madereva wanavyoshinda mabishano.

Sasa nisikilizeni vizuri, ninyi wa simu. Mti wenye ugonjwa kiasi hicho hauponi kwa kupuliziwa. Kila jani lile lilikuwa nyumba ya wadudu na mbegu za ukungu. Hapa kwetu baridi haiji kuuvua mzabibu majani, unavaa nguo chafu mwaka mzima, kwa hiyo mtunzaji lazima auvue mwenyewe wakati wa kiangazi. Nikatoa sekateri, mkasi wangu wa kupogolea, nikaupitisha kwenye moto kila nilipotoka tawi bovu kwenda tawi zima. Nikakata. Nikatoa majani yote. Nikarudisha kila mkono wa mti mpaka kwenye vifundo vichache vyenye nguvu. Jioni uani palibaki nyaya za kichanja, na juu yake mti wa kahawia, mkavu kwa macho, kama kamba zilizosahauliwa. Majani tuliyachoma. Anayeyatia shimoni awe mbolea anajiwekea ugonjwa akiba.

Majirani walikuja kutazama. Mmoja akamwambia Mama Masika, "Papa Kambale alisema atakata, huyu muzee amemusaidia."

Mwingine akasema, "Anaandaa mahali pa makala."

Niliendelea kufuta sekateri. Kumjibu anayetazama uani kwa mtu kwa juu ya ukuta ni kumpa kiti.

Mama Masika mwenyewe hakucheka. Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Muzee Ramazani, umeacha kitu?"

"Nimeacha mti, mama. Nimeondoa ugonjwa."

"Yeye akirudi atatafuta majani."

"Majani yana mwenyewe anayeyaleta. Sisi tusali, na tusiharibu."

Kisha tukafanya kazi iliyobaki. Tuliyakwangua magome yaliyolegea, tukaosha shina kwa maji ya sabuni, tukachanganya mrututu na chokaa. Mrututu ni yale mawe ya buluu, na mchanganyiko wake na chokaa unafukuza ule ugonjwa wa madoa ya manjano. Unayeyusha mrututu kwenye ndoo ya plastiki, siyo ya chuma, chokaa kwenye ndoo nyingine, kisha unamimina huku unakoroga. Halafu unachovya msumari safi. Ukitoka na rangi nyekundu ya shaba, dawa ni kali, itaunguza mti, ongeza chokaa. Ukitoka kama ulivyoingia, piga. Nimeona watu wanaoruka msumari kwa sababu wana haraka. Haraka yao inawaokolea muda wa kunywa chai moja, na inawaulia mti. Kwa ule unga mweupe kuna salfa, poda ya manjano, nayo inasubiri vichipukizi, inapigwa asubuhi, kamwe siyo juani.

Wasichana wa kushona walikatakata chandarua cha zamani wakashona vifuko vya vishada, ingawa vishada havikuwapo, hata jani halikuwapo. Mama Masika alitaka viwe tayari. Aliwashonesha humo ndani gizani, na kila mmoja alijichoma kidole.

Nilihesabu kwamba forodha ya Bunagana ingemchelewesha Papa Kambale, kama inavyomchelewesha kila mtu, mpaka vifundo vifunguke. Lakini safari hiyo forodha ilikuwa na haraka. Alirudi mapema kuliko dua yangu. Siku hiyo nilikuwa pale, nakagua kitambaa cha grisi, nikasikia kamyo.

Aliingia, akatazama juu. Akakinga macho kwa kiganja. Uani palikuwa na mwanga mkali ambao hakuwahi kuuona pale.

"Sasa hii ni nini?"

"Tumeitibu," Mama Masika akasema.

"Mumeitibu? Hii imebaki kuni, mama. Makala ziko kwa kamyo, batu wanashusha sasa hivi." Akaniambia mimi, "Muzee, asante, umenipunguzia kazi." Akaingia ndani akatoka na panga.

Mama Masika alisimama kati yake na shina. Hakupiga kelele. Alisema, "Ukikata, ukate na muguu wa mashine yangu, maana vyote ni kitu kimoja." Yeye akamzunguka kwa upole, kama anavyozunguka shimo barabarani, akapanda juu ya meza ile ile, akaanza na mkono wa juu, ule mnene ulioelekea jikoni. Pigo moja, ukaanguka.

Mimi nilikuwa nasoma dua moyoni, na sioni haya kusema kwamba sikumwombea yeye.

Alinyanyua panga kwa pigo la pili, akasita. Alijipangusa usoni. Akatazama kiganja. Akatazama juu, mbinguni, na mbingu ilikuwa kavu na ya buluu. Tone jingine likamwangukia kwenye nyusi. Mahali alipokata, mzabibu ulikuwa unatoa maji: safi, bila rangi, tone baada ya tone, halafu mfululizo kama bomba lililofunguliwa kidogo. Mzabibu hai uliopogolewa, mizizi yake ikiamka kusukuma, ndivyo unavyofanya. Unalia kabla ya kuchipua.

Alionja. Dereva anaonja kila kinachovuja.

"Inatoka wapi?"

"Chini," nikasema. "Mizizi inapandisha."

Akaushika mkono mmoja uliobaki, akaupapasa polepole mpaka kwenye kifundo, na kidole chake kikakutana na kile ambacho kidole changu kilikuwa kinakiona kila asubuhi: kichipukizi kimevimba, kimepasuka ncha, ndani kuna kitu chenye manyoya na wekundu mdogo kama ulimi wa paka.

"Ah, bana," akasema, si kwa mtu yeyote. "Radiateri bado iko na maji."

Wapakuzi walikuwa wameshafika mlangoni na gunia la kwanza la makala mabegani, wakauliza waliweke wapi. Alikaa juu ya meza, panga mapajani, maji yakimdondokea begani, akiwa kama mtu anayetafuta namna ya kushindwa bila kuonekana ameshindwa. Niliwahi kuwaona wakubwa wengi wakitafuta njia hiyo. Wachache wanaipata.

"Rudisheni kwa kamyo," akasema mwishowe. "Mutaweka kwa ndugu yangu." Kisha, bila kumtazama mke wake, "Na wewe mama, unangoja nini? Toa mashine nje. Kule ndani utapofuka."

"Juani?" Mama Masika akauliza. "Hakuna hata jani."

"Funga kitenge kwa nyaya. Jani litakuja."

Mama Masika aliitoa mashine yeye mwenyewe, hakukubali asaidiwe. Wasichana wakafunga vitenge juu ya nyaya, chini ya ule mti uchi, na walipoanza kushona maji ya mzabibu yalikuwa bado yanadondoka kutoka kwenye jeraha la panga, yakilowesha kona ya kitenge kimoja. Papa Kambale aliuliza kama jeraha lifungwe. Nilimwambia liachwe. Lile lilikuwa jambo la kwanza aliloniuliza kabla ya kulitenda.

Ewe uliyesoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akulindie macho yako na mti wako. Akupe jirani asiyechungulia, akujalie kunusa kabla ya kusema na kungoja kabla ya kukata, na siku utakayokaa chini ya majani uliyoyatunza, akujalie kivuli kinachowatosha na wengine. Amina.